TUWAULIZE WENYEWE
Somo la kutusaidia kutambua mahitaji ya kijiji



Katika somo hili tunataka kujifunza jambo ambalo kulisikia ni jepesi, lakini kulitenda ni kazi. Nalo ni hili: namna ya kuwasaidia watu wa kijijini watambue wenyewe mahitaji yao ya lazima, wayapange, na waamue wapi pa kuanzia. Tumelichagua kwa sababu halmashauri ya parishi yetu imekusudia kutenga sehemu ya sadaka ya mavuno ya mwaka huu kwa kazi ya maendeleo katika kitongoji kimojawapo cha mbali. Tayari maneno ni mengi. Wako wanaosema kisima, wako wanaosema mashine ya kusaga, wako wanaosema mabati. Kabla hatujashika koleo, yafaa tukae chini tujifunze.

Tunashauri somo hili lisomwe katika vikundi, sehemu moja moja, bila haraka. Mwishoni mna maswali ya kujadiliana.

1. Tuanze na kosa letu wenyewe

Mwalimu anayefundisha juu ya makosa ya wenzake tu hafai kusikilizwa. Basi sisi tutaanza na letu.

Mwaka 1994 tulikuwa tukifundisha katika kijiji kimoja cha huku kwetu Dodoma. Wakaja wageni kwa gari, watu wema kabisa, wakiwa na fedha za kuchimba kisima kirefu na kuweka pampu ya injini ya dizeli. Mkutano ukaitishwa chini ya mbuyu. Wazee wakakaa kwenye madawati ya shule, vijana wakasimama pembeni, na akina mama wakakaa chini, nyuma kabisa, wengine na watoto mgongoni. Mwenyekiti akauliza, "Je, mnataka maji?" Nani angekataa? Wote wakaitikia. Akauliza tena, "Pampu iwekwe hapa karibu na ofisi na shule?" Mikono ikainuliwa. Aliyeandika muhtasari wa mkutano ule ni sisi. Tukaandika kwa mwandiko mzuri: "Wananchi wote wamekubali kwa kauli moja."

Kisima kikachimbwa, maji yakatoka, tukapiga makofi na vigelegele. Lakini maji yale yalikuwa ya chumvi. Chai haikunyweka, sabuni haikutoa povu, maharage yalikaa jikoni mpaka kuni zikaisha. Haukupita muda mrefu akina mama wakarudi kwenye visima vyao vya kufukua mchangani katika korongo. Mchango wa dizeli ukakoma. Pampu ikafa.

Siku moja tukamwuliza bibi mmoja mzee, "Bibi, mbona mmeyaacha maji ya pampu?" Akatujibu taratibu, "Mwalimu, pale mama zetu walichimba zamani wakapaacha. Hata udongo wa pale ng'ombe huulamba." Tukashangaa. Tukamwuliza, "Sasa mbona hukusema mkutanoni?" Akacheka kidogo, akasema, "Nani aliniuliza? Ninyi mliuliza kama tunataka maji. Tulitaka."

Ndugu zetu, jibu lile halijatutoka moyoni mpaka leo. Mkutano ulikuwa halali, akidi ilitimia, mikono ilihesabiwa. Ujuzi uliotakiwa ulikuwapo palepale, umekaa chini nyuma ya mkutano. Sisi tuliokuwa na kalamu tukaufunika kwa maneno "kauli moja".

2. Kosa kubwa zaidi, lililotendeka hapa hapa mkoani

Mtu aweza kudhani kwamba makosa ya namna hii ni ya wanavijiji na walimu wao tu. Hata kidogo. Wasomi wakubwa na serikali tajiri zimekosea vivyo hivyo, na mfano wake tunao Kongwa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 serikali yake ikatuma wataalamu watatu kuja kutafuta nchi ya kulima karanga. Walizunguka kwa muda wa majuma tisa hivi, mara nyingi kwa ndege, kisha wakaandika kwamba yafaa zilimwe zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa hapa Tanganyika. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Yakaja matrekta na mitambo ya kung'olea miti. Lakini mibuyu na mizizi ya pori letu ilivunja vyuma. Mvua ilipokatika, udongo ulikauka ukawa mgumu, hata karanga zilizostawi zikawa taabu kuzichimbua. Januari 1951 mpango ukaachwa. Hasara yake ilihesabiwa kuwa pauni milioni 36 hivi.

Hatusemi kwamba kuwauliza wenyeji peke yake kungeuokoa mpango ule. Ulikuwa na matatizo mengi, ya vipuri, ya reli, ya haraka ya watawala. Lakini Wagogo walioishi pale walikuwa wakilima uwele na mtama na kufuga ng'ombe, tena si kwa uvivu wala ushamba. Walijua kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja, ni chache, na hubahatisha. Kilimo chao chenyewe kilikuwa kitabu kilichofunguliwa. Anayepita juu kwa ndege hawezi kukisoma.

3. Waliotutangulia katika mafunzo haya

Njia tutakayoieleza haikubuniwa na mtu mmoja. Ni vizuri tuwajue baadhi ya waliotutangulia.

Huko Brazili alikuwako mwalimu aitwaye Paulo Freire, aliyewafundisha watu wazima kusoma kwa kutumia maneno ya maisha yao wenyewe: kazi, ardhi, mshahara, njaa. Wanajeshi walipotwaa serikali mwaka 1964 alifungwa, kisha akahamia nchi za nje, na katika miaka ya 1970 alifanya kazi na Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Geneva. Alifundisha kwamba mwanafunzi mtu mzima si debe tupu la kujazwa. Anao ujuzi, na kazi ya mwalimu ni kuuliza swali litakalomfanya aufikirie. Mafundisho hayo yaliingia Kenya mwaka 1974, pale Anne Hope na Sally Timmel walipoanza kuwafunza viongozi wa vijijini kwa msaada wa Kanisa Katoliki. Mwaka 1984 vitabu vyao vya mafunzo vilichapwa Zimbabwe, vikaenea katika makanisa mengi ya Afrika.

Kwetu Tanzania tulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya" mwaka 1973. Sisi tulikuwa watoto, lakini tunakumbuka wazazi wetu wakikusanyika jioni kuzunguka redio moja, mmoja akishika kitabu na kuwasomea wenzake. Watu wapatao milioni 2 walishiriki katika vikundi vile. Walijifunza juu ya malaria, kichocho, minyoo na kuhara, kisha kila kikundi kikajadili na kuamua kitatenda nini. Vyoo vingi vilichimbwa kwa sababu watu walikwisha kuamua wenyewe.

Mtu mwingine ni Robert Chambers wa Uingereza, aliyewahi kufanya kazi Kenya. Katika kitabu chake cha mwaka 1983 alieleza kwa nini wageni hawaioni shida ya kijijini ingawa wanaitembelea. Hufuata barabara nzuri, wala hawafiki kwenye nyumba za ndani. Huongea na viongozi na wanaume, na wale waliokwisha kunufaika. Huona haya kuuliza mambo ya aibu. Na tena huja wakati wa kiangazi, barabara zinapopitika. Hilo la mwisho tulitafakari sana. Kwetu njaa na homa huja masika, Januari mpaka Machi, ghala likiwa limekwisha na korongo limejaa. Mgeni anayekuja Agosti hutukuta tumeshiba, tunacheza ngoma. Kutokana na mawazo kama hayo, mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Kenya na India, ilikua ile njia iitwayo tathmini shirikishi.

Serikali yetu nayo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilianza kutumia vijijini mfumo wa kupanga uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotumia vyombo vya namna hii hii. Kwa hiyo tukimwendea mtendaji wa kijiji na jambo hili, hatumpelekei kitu kigeni.

4. Kwa nini haitoshi kuuliza, "Mnataka nini?"

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, basi tuwe makini.

Ukifika kijijini ukauliza, "Mnataka nini?" watu watakutazama. Watatazama gari lako, mavazi yako, na kanisa au ofisi iliyokutuma. Kisha watakutajia kile wanachodhani unacho. Akija daktari, wanahitaji dawa. Akija bwana shamba, wanahitaji mbegu. Wakija wachimba visima, wanahitaji maji. Si kwamba wanadanganya. Maskini hawezi kumfukuza mgeni aliyekuja na kitu mkononi, hata kama si kitu alichokihitaji kwanza.

Tena wanaojibu si wote. Katika mkutano wa hadhara husema mwenye sauti, mwenye mali, na mwenye umri. Mke hasemi mbele ya baba mkwe. Mjane husubiri aone upepo unaelekea wapi. Mtu asiyelipa mchango huogopa kuinua mkono.

Kwa hiyo tusiulize kwanza juu ya vitu. Tuulize juu ya maisha. Mnaamka saa ngapi? Maji mnayateka wapi mwezi wa Oktoba? Mtoto akiugua usiku, mnapita njia gani? Mahitaji yatatoka yenyewe katika majibu hayo, nayo yatatoka na sababu zake.

Wakristo tusione jambo hili kuwa la kidunia tu. Katika Marko sura ya 10, kipofu Bartimayo alipomlilia Bwana Yesu njiani, kila mtu aliweza kuona shida yake. Hata hivyo Bwana alisimama, akamwita, akamwuliza anataka afanyiwe nini, akamwachia aseme mwenyewe. Na wajane walipoanza kusahauliwa katika chakula cha kila siku, Matendo sura ya 6, mitume hawakuchagua wenyewe wa kuwahudumia. Waliita mkutano wa wanafunzi, wakawaachia kuchagua watu saba.

5. Vyombo vya kazi

Vyombo vyenyewe havina gharama. Tunahitaji uwanja, majivu, vijiti, mawe, na kikombe cha punje za mahindi au maharage. Uzuri wake ni kwamba asiyejua kusoma huvitumia sawa na mwalimu.

(a) Ramani ya kijiji. Watu huichora chini kwa majivu na vijiti. Mwanzo huwekwa kitu kinachojulikana na wote, kwa mfano kanisa au mbuyu mkubwa. Kisha huongezwa njia, makorongo, visima, mashamba na nyumba. Wanaume wachore yao, akina mama wachore yao, mbali mbali. Mtashangaa. Ramani ya wanaume itakuwa na malisho na mipaka. Ya akina mama itakuwa na visima, kuni, na njia za mkato. Juu ya ramani ya akina mama mwaweza kuuliza, "Maji matamu yako wapi, na ya chumvi yako wapi?" Laiti tungeuliza hivyo mwaka 1994! Mwaweza pia kupima umbali. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo kwamba kituo cha maji kisiwe mbali na makazi zaidi ya meta 400, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Wananchi wenyewe wahesabu nyumba zilizo nje ya kipimo hicho.

(b) Matembezi. Kikundi kidogo, pamoja na wenyeji wa rika mbali mbali, hukatisha kijiji kwa mguu toka mlimani mpaka bondeni, kikiuliza na kutazama. Tusipite barabarani. Tumwombe mama mmoja atupeleke anakoteka maji, tena tubebe ndoo yake wakati wa kurudi. Funzo la ndoo ile halipatikani ofisini.

(c) Kalenda ya mwaka. Vijiti 12 vya miezi hupangwa chini kwa mstari. Kwa kila mwezi watu huweka mawe kuonyesha mvua, punje kuonyesha chakula kilichopo, na majani kuonyesha magonjwa. Kisha huonyesha kazi za shamba na ada za kulipa. Mara moja huonekana wazi mwezi ule ambao chakula ni kidogo, homa ni nyingi na palizi ni kali, vyote kwa pamoja. Hapo shida yenyewe inaonekana kwa macho.

(d) Siku ya mama na siku ya baba. Kila upande hueleza kazi zake toka kuamka mpaka kulala, na kuziwekea punje kadiri ya saa zinazotumika. Zoezi hili lataka upole na ucheshi, maana wanaume wengine hunyamaza ghafula.

(e) Kulinganisha mawili mawili. Mahitaji yaliyotajwa hupewa alama: jani kwa shamba, kibuyu kwa maji, na kadhalika. Kisha hulinganishwa kwa jozi: "Kati ya hili na lile, kama tungeweza kupata moja tu, lipi lianze? Na kwa nini?" Linaloshinda hupewa punje. Kama mahitaji ni matano, jozi ni kumi; mwisho punje huhesabiwa. Lile "kwa nini" liandikwe kila mara. Lina thamani kuliko punje.

6. Mfano: haja moja yenye majina mawili

Miaka kadhaa baada ya aibu ile ya pampu tulipata mafunzo ya njia hii, nasi tukaombwa kusaidia katika kitongoji kimoja kilicho ng'ambo ya korongo kubwa. Baada ya ramani na kalenda, watu walifikia mambo matano: maji, zahanati, kivuko cha korongo, mashine ya kusaga, na josho la ng'ombe. Wanaume na akina mama wakalinganisha, kila kundi peke yake.

Akina mama walitoa hivi: maji punje 4, kivuko 3, mashine 2, zahanati 1, josho hakuna kitu. Wanaume walitoa hivi: josho 4, zahanati 3, maji 2, kivuko 1, mashine hakuna kitu.

Makundi yakaonyeshana. Kelele zikaanza. Baba mmoja akasema akina mama hawajali uhai wa watoto, maana zahanati wameiweka karibu na mwisho. Tungekuwa wale wa 1994 tungepiga kura, tukaandika muhtasari. Safari hii tukauliza tu, "Akina mama, mbona mmekitanguliza kivuko?" Mama mmoja akasimama. Akasema, "Zahanati ipo ng'ambo, tunaijua, na mganga yupo. Lakini masika mto ukijaa hatuvuki. Mtoto wa jirani yangu alifia huku ukingoni, taa ya zahanati tunaiona." Pakawa kimya.

Kumbe baba yule na mama yule walikuwa na haja moja: mgonjwa apate tiba wakati wa masika. Mmoja aliiita zahanati, mwingine akaiita kivuko. Zahanati mpya ingehitaji nyumba, mganga, dawa za kila mwezi, na kibali cha wilaya. Kivuko cha miguu kilihitaji mawe yaliyokuwapo, mchanga uliokuwapo, saruji na nondo za kununua, na fundi. Mwisho kitongoji kiliamua kuanza na kivuko, wakati josho na maji vikipelekwa katika mpango wa kijiji. Wanaume walisomba mawe kwa mikokoteni ya ng'ombe wao. Hatukulazimika kuwahimiza. Kivuko kile kimepitisha wagonjwa na wanafunzi masika nyingi, na kikipata ufa hukiziba wenyewe, maana ni chao.

7. Mambo ya kujihadhari

Njia hii nayo yaweza kuharibiwa. Tujihadhari na haya:

Kwanza, tusiende kuuliza kama tumekwisha kuamua. Kuchoresha watu ramani ili mwisho wakubali kisima tulichokwisha kulipia ni kuwachezea. Afadhali kusema kweli: "Tunacho hiki tu, je, chawafaa?"

Pili, tusiamshe matumaini tusiyoweza kuyatimiza. Siku ya kwanza kabisa tuseme uwezo wetu ni kiasi gani. Kijiji kilichoulizwa mara tatu bila kuona kitu hakitajibu mara ya nne.

Tatu, tusiwapotezee watu wakati. Masika ndiyo majira ya kuona shida, lakini ndiyo majira ya palizi pia. Twende jioni, au siku wanayopumzika, tena tumalize mapema.

Nne, kalamu na kijiti visikae mkononi mwa mwalimu. Sisi walimu tuna ugonjwa wa kusahihisha. Ramani ikipinda, tuiache ipinde.

Tano, tusidhani kwamba wananchi wanajua kila kitu. Mahali penye kichocho, mkojo wa damu kwa wavulana waweza kuzoeleka hata usionekane ugonjwa. Macho peke yake hayaoni vijidudu majini. Mtaalamu anahitajiwa, lakini aweke ujuzi wake mezani pamoja na ujuzi wa wenyeji, asiufunike. Bibi yule alijua mahali pa chumvi. Mtaalamu wa maji anajua kupima kina. Wawili hao wangekutana, pampu ingekuwa hai. Tangu mwaka 2019 tunao wakala wa maji vijijini, RUWASA. Tusichimbe kisima bila kupata ushauri wake na kupima maji.

Sita, tusiipite serikali ya kijiji. Kwa sheria ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa watu wazima wote. Yale yaliyotambuliwa katika vikundi vidogo yarudishwe pale, yasomwe mbele ya wote, na yaingie katika mpango wa kijiji. Hapo kanisa litakuwa msaidizi na jirani mwema.

8. Neno kwa parishi yetu

Sasa turudi kwenye sadaka yetu. Fedha ile si nyingi, lakini imetoka kwa watu walioleta madebe ya mtama na kuku mmoja mmoja. Tukiizika katika kitu kisichohitajiwa, tutakuwa tumewakosea mara mbili: waliotoa na waliopewa.

Kwa hiyo tunaiomba halmashauri isiamue kwanza. Wachaguliwe watu sita: wawili kutoka Umoja wa Akina Mama, wawili vijana, mzee wa kanisa mmoja, na mwalimu mmoja atakayekubali kunyamaza. Waende kitongojini siku tatu, tena masika, barabara ikiwa mbaya. Walale huko. Waulize wote, Wakristo na Waislamu na wasio na dini, maana kiu haina dhehebu. Wakirudi, watuambie walichoambiwa, hata kama si kisima, wala mashine, wala mabati.

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wanaokilalia wapo. Sisi tulikwisha kuandika mara moja "wote wamekubali" bila kuwauliza. Hatupendi kuandika hivyo tena.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Taja kazi moja ya maendeleo katika eneo letu iliyokufa. Nani aliulizwa kabla haijaanza, na nani hakuulizwa?
2. Katika mikutano yetu ya kanisa, ni akina nani hukaa nyuma bila kusema? Tufanye nini ili tuwasikie?
3. Wekeni vijiti 12 chini. Mwezi gani ni mgumu kuliko yote kwenu, na kwa nini?
4. Someni Matendo 6, mstari wa 1 hadi wa 6. Kwa nini mitume waliwaachia wanafunzi wachague?
5. Akina mama na akina baba wataje, kila upande peke yake, mahitaji matano ya kitongoji chenu, kisha mlinganishe. Je, mna haja moja yenye majina mawili?